Fundi wa Vifaa Tiba Anapovua Gwanda: Kutoka Karakana ya Jeshi hadi Hospitali za Dar es Salaam

Nyuma ya hospitali nyingi za Dar es Salaam kuna kona ambayo mafundi wanaijua: vitanda vilivyokatika, mashine za kufyonza, monita zisizowaka, otoklevu (mashine ya kuua vimelea kwa mvuke) iliyofungwa kamba mlangoni. Vingi kati ya vitu hivyo havikufa kwa ugonjwa mkubwa. Ni chujio lililoziba, fyuzi iliyobadilishwa kwa waya, betri iliyochoka, raba ya mlango iliyokatika ikakosa mbadala. Askari aliyefanya ufundi wa vifaa tiba jeshini anaijua kazi hiyo kwa mikono. Kinachomkwamisha akifika uraiani ni karatasi, ni aina chache za mashine asizozizoea, na ni namna ya kukataa jambo mbele ya watu wasiolazimika kumtii. Yote matatu yanarekebishika, ila yanataka muda, na muda mzuri ni mwaka mmoja au miwili kabla ya kukabidhi vifaa, angali na mshahara.

Tuanze na umri, maana ndio unaofunga milango kimyakimya. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huweka sharti kwamba mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kazini serikalini. Huongeza pia kwamba waliostaafishwa katika utumishi wa umma hawaruhusiwi kuomba mpaka wawe na kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Kwa hiyo mtu anayetarajia kutoka na miaka 47 asijenge matumaini yake yote juu ya hospitali za serikali kama Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili. Atazame hospitali binafsi, wasambazaji wa vifaa tiba, au kazi yake mwenyewe. Mwenye miaka 36 ana uwanja mpana zaidi, lakini naye atakutana na suala la cheti.

Kada inayotajwa kwenye ajira za serikali ni Fundi Sanifu Vifaa Tiba, na inataka stashahada. Hapo ndipo askari wengi wanapogundua kwamba kozi walizosoma hazifanani kwa uzito. Kama chuo ulichosomea kina ithibati ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, na ulihitimu ngazi ya NTA 6, yaani stashahada, uko salama: omba namba yako ya uhakiki wa tuzo, ile AVN, kwa sababu bila hiyo hata kujiunga na shahada kutasumbua. Kama ulichosoma ni kozi ya ndani ya karakana, hata kama ilikuwa ndefu na ngumu, uraiani itahesabika kama uzoefu. Hapo dawa ni kurudi darasani. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, pale Morogoro Road na Bibi Titi, inatoa stashahada ya uhandisi wa vifaa tiba, na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wana shahada yake. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, nao ni mzuri, lakini umejengwa zaidi kwa fani kama umeme, uashi na magari. Cheti cha umeme kitakusaidia kwa msambazaji, si kwenye kada ya vifaa tiba. Ukishapata stashahada, ulizia usajili wa mafundi sanifu katika Bodi ya Usajili wa Wahandisi, maana karatasi hiyo hukupa uzito unapoomba zabuni.

Jina nalo lisipuuzwe. Cheti cha kidato cha nne kinasema Saidi, kitambulisho cha NIDA kinasema Said, hati ya jeshi imeongeza jina la babu. Jeshini namba ya utumishi ndiyo iliyokutambulisha, uraiani ni jina. Rekebisha mapema kwa hati ya kisheria ya majina. Pia toa vyeti kamili chuoni na Baraza la Mitihani, kwa sababu hati za matokeo ya muda na stetimenti za matokeo hukataliwa wazi kwenye matangazo.

Waliokuwa maabara, famasi, uuguzi au utabibu jeshini, njia yao ni nyoofu kidogo kwa sababu kila kada ina baraza lake: Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, Baraza la Famasi, Baraza la Uuguzi na Ukunga, Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwao swali kubwa ni kama usajili na leseni viko hai. Leseni iliyolala miaka kadhaa kwa sababu kambini hakuna aliyeiulizia ihuishwe kabla ya kutuma barua hata moja ya kuomba kazi.

Sasa wasifu wa kazi. Meneja wa hospitali binafsi ya Mikocheni akisoma "Staff Sajenti, msimamizi wa karakana" haelewi unaweza kufungua nini. Na huwezi kumtajia kikosi kilipo, idadi ya vifaa vyake wala hali yake. Hizo ni siri za jeshi na zibaki huko, pamoja na picha na vitabu vya kumbukumbu za matengenezo. Usiondoke na hata ukurasa mmoja. Njia safi ni kuandika kwa aina ya kifaa na kiwango cha kazi, bila mahali wala hesabu. Mfano: "Otoklevu ya mezani ya lita 24: kubadilisha raba ya mlango na hita, kusafisha na kujaribu vali ya usalama, kuhakiki joto na muda kwa kipimajoto cha nje." Mstari huo mmoja unamwambia mhandisi wa hospitali zaidi ya vyeo vyote. Andika mistari kumi na mitano ya namna hiyo, weka mbele vile unavyoweza kuvifanya usiku peke yako bila kumpigia mtu simu, kisha ambatisha hati ya kuondoka jeshini na barua ya tabia na kazi kutoka kwa mkuu wako. Barua hiyo iombwe ukiwa bado ndani. Ukishatoka, aliyekufahamu atakuwa amehamishiwa Songea au Tabora.

Kwenye usaili wa vitendo, kifaa kinachopendwa kuwekwa mezani ni konsentreta ya oksijeni, na inafaa kuijua mpaka ndani. Inavuta hewa ya kawaida, yenye naitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21, inaisukuma kwa zamu kwenye mitungi miwili yenye chembe za ziolaiti zinazonasa naitrojeni, na kinachotoka ni oksijeni ya asilimia 90 na kitu. Shirika la Afya Duniani linataka usafi huo usishuke chini ya asilimia 82 hata mtiririko ukifunguliwa mpaka mwisho. Kusikia upepo kwenye mrija si kipimo, kwa sababu mashine iliyokufa ziolaiti hutoa upepo vizuri tu, ila ni hewa ileile ya chumbani. Iwashe, iache dakika 15, kisha pima kwa kipima oksijeni kwenye mtiririko wa juu. Kama kwa lita 2 kwa dakika inasoma 93 na kwa lita 5 inashuka hadi 75, usikimbilie kuagiza ziolaiti. Tazama kwanza chujio la kuingizia hewa. Paka povu la sabuni kwenye viungio vyote vya mipira. Sikiliza vali zinavyopishana, kwa sababu vali iliyokwama hufanya mtungi mmoja uzidiwe na mwingine ulale. Pima shinikizo la kompresa, maana pete za pistoni zikiisha kompresa hulia sana na kusukuma kidogo. Ziolaiti iwe mtuhumiwa wa mwisho, kwa sababu ndiyo ghali.

Ikiwa kweli ni ziolaiti, uliza mashine ililala wapi. Adui yake ni maji, na hewa ya Dar ina unyevu mwaka mzima. Konsentreta iliyokaa stoo miezi sita bila kuwashwa, mdomo wazi, hunyonya unyevu taratibu mpaka chembe zinashindwa kunasa naitrojeni. Ndiyo maana mashine ya akiba huwashwa mara kwa mara na kufunikwa, na sponji ya nje ikioshwa kila wiki hairudishwi mpaka ikauke kabisa. Upande wa umeme, konsentreta ya lita 5 hula takribani wati 350, lakini kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo, kwa hiyo stabilaiza ya VA 500 itazima kila inapowashwa. Weka ya VA 1000 au zaidi. Umeme ukishuka mpaka volti 180 badala ya 230, mota hupata joto na kapasita yake huvimba. Mafundi wengi hubadilisha kapasita tu wakaondoka, na baada ya mwezi wanaitwa tena kwa tatizo lilelile.

Kuna jambo jingine dogo ambalo linaua watu na halitajwi vya kutosha: ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Hospitali zetu hupokea vifaa vya msaada kutoka Ujerumani, Italia na kwingineko vyenye plagi ya pini mbili nene. Soketi zetu ni za pini tatu. Mtu anachokonoa tundu la juu kwa kalamu, anasukuma plagi, mashine inawaka, na kila mtu anaridhika. Mashine hiyo sasa haina ethi. Siku waya wa ndani ukigusa bodi ya chuma ya mashine, umeme utapita kwa mgonjwa aliyelazwa na dripu mkononi. Fundi mpya akitaka kuonekana wa maana ndani ya wiki ya kwanza, apite wodi kwa wodi akibadilisha plagi hizo, aweke plagi ya pini tatu yenye fyuzi inayolingana na mashine (3A au 5A kwa vifaa vidogo, si ile ya 13A inayokuja na kila plagi), kisha apime ukinzani kati ya pini ya ethi na bodi ya chuma. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62353 kinataka usizidi omu 0.3, waya wa umeme ukiwemo. Na fyuzi ya kioo ndani ya mashine isomwe vizuri kabla ya kubadilishwa: iliyoandikwa T ni ya kuchelewa, iliyoandikwa F ni ya haraka. Ukiweka F3.15A penye T3.15A, itakatika mashine inapoanza, na mtu wa zamu atakayechoka kuibadilisha ndiye atakayeweka waya.

Otoklevu askari anaijua, lakini ya hospitali kubwa ni nyingine. Kanuni ni ileile: nyuzi 121 kwa dakika 15, au nyuzi 134 kwa dakika 3, na saa ihesabiwe tangu joto lifike kwenye mzigo, si tangu swichi ibonyezwe. Tofauti ni kwamba mashine kubwa hufyonza hewa kwanza kabla ya kuingiza mvuke, na kila asubuhi inatakiwa kupimwa ikiwa tupu kwa karatasi ya Bowie-Dick, nyuzi 134 kwa dakika 3 na nusu. Rangi ikibadilika sawasawa mpaka katikati, endelea. Katikati ikibaki imepauka, kuna hewa imebaki ndani: pampu ya kufyonza imechoka, raba ya mlango inavuja, au mvuke wenyewe ni mbovu. Siku hiyo mashine hiyo haisafishi vifaa vya upasuaji, na hilo halina mjadala. Utepe wenye mistari inayogeuka nyeusi unaonyesha tu kwamba pakiti ilipita kwenye joto. Haukuambii kama vimelea vimekufa. Na kama maji ni ya kisima, yenye chumvi kama yalivyo visima vingi vya jiji hili, hita itavaa ukoko mweupe na kuungua mapema. Tumia maji yaliyochujwa chumvi, hata kama mhasibu analalamika.

Zipo mashine ambazo fundi aliyekaa zaidi kwenye zahanati za vikosi hakuzigusa sana, kwa sababu wagonjwa wake walikuwa watu wazima wenye afya ya kijeshi. Za watoto wachanga ni kundi la kwanza. Taa ya kutibu umanjano wa mtoto mchanga ikiwaka buluu haimaanishi inatibu: tiba kali inataka angalau mikrowati 30 kwa kila sentimita ya mraba kwa kila nanomita, na hilo haliwezi kukisiwa kwa macho. Kifaa cha kumpasha mtoto joto hutegemea kihisio kilichobandikwa kwenye ngozi yake. Kikibanduka kikasoma hewa baridi ya chumba, mashine itaongeza joto juu ya mtoto ambaye tayari ana nyuzi 37. Ukiitwa kwa malalamiko ya joto kupanda, angalia plasta ya kihisio kabla ya kufungua skrubu yoyote.

Kundi la pili ni mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo, na kwa maoni yetu hapa ndipo penye nafasi nzuri kuliko zote kwa fundi mwenye nidhamu ya jeshi, kwa sababu kazi yenyewe ni nidhamu. Mashine moja hupitisha mililita 500 za maji ya dawa kwa dakika. Kwa saa 4 hiyo ni lita 120 zinazokutana na damu ya mgonjwa mmoja, katikati yao ukiwa utando mwembamba tu. Maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, kutoka Ruvu yametiwa klorini, na yanafaa kunywewa kwa sababu hiyo. Kwenye damu, klorini na kloramini hupasua chembe nyekundu. Kwa hiyo maji hupita matangi mawili ya kaboni yaliyofuatana, na kipimo huchukuliwa baada ya tangi la kwanza, kabla ya kila zamu ya wagonjwa: jumla ya klorini isizidi miligramu 0.1 kwa lita. Ikizidi, tangi la pili bado linawalinda walioko kitandani na wewe unapata muda wa kuchukua hatua. Ukipima baada ya tangi la pili peke yake, hutajua la kwanza limekufa mpaka yote mawili yafe. Na siku ya mgao, boza likija na maji ya kisima, kiasi cha chumvi hupanda ghafla na utando wa kuchuja maji huzidiwa. Andika kila kipimo kwa saa na sahihi, hata vile vizuri. Kumbukumbu yenye vipimo vibaya peke yake haisaidii kuona tatizo linalokuja polepole.

Mashine za eksirei tunazipita haraka: usizifungue bila mafunzo yake. Ndani kuna makumi ya maelfu ya volti, na kapasita hubaki na umeme hata plagi ikitolewa. Kituo chenyewe lazima kiwe na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na anayefanya kazi humo avae kipimo chake cha mionzi.

Kisha kuna suala la kukataa. Jeshini ukiandika kwamba kifaa kisitumike, hakitumiki. Hospitalini sista atakuja na sauti ya upole: "Fundi, tuvushie leo tu, mgonjwa yuko mezani." Ukijibu kwa sauti ya gwaride, utakuwa umeshinda siku moja na kupoteza wodi nzima, na kesho mashine mbovu zitafichwa usizione. Ukikubali, umebeba roho ya mtu. Mwenye uzoefu huja na mbadala mkononi: "Sista, hii siwezi kuirudisha, haina ethi. Nakuletea ile ya wodi ya pili mpaka saa nane, nimeshaongea na inchaji wao." Kisha anafunga kitambulisho chekundu kwenye mashine, anaandika ripoti ya mistari mitatu, na inchaji anasaini. Ndiyo maana hospitali iliyopangwa vizuri huwa na mashine ya kufyonza na konsentreta moja za akiba mikononi mwa fundi, si wodini. Uliza jambo hilo kwenye usaili.

Kwa wasambazaji wa vifaa tiba kazi ni ya barabarani zaidi: leo Kigamboni, kesho Morogoro, keshokutwa ndege ya Mwanza. Wanataka leseni ya udereva, pasipoti ya kusafiria, na ripoti inayoandikwa kwa Kiingereza kinachoeleweka na mtengenezaji. Faida yake ni mafunzo ya kiwandani. Soma mkataba kabla ya kupanda ndege, kwa sababu mara nyingi mafunzo hayo yanakufunga kwa muda fulani, na ukiondoka mapema unadaiwa gharama.

Anayetaka kujitegemea atasajili jina au kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, achukue namba ya mlipakodi TRA, leseni ya biashara manispaa, na ajisajili kwenye mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, ambao serikali imekuwa ikiutumia tangu 2023. Akitaka kuuza vifaa vyenyewe na si huduma tu, aende kwanza TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kiinua mgongo kisiishie kwenye ofisi ya vioo Kariakoo. Nunua multimita nzuri, kipima oksijeni, kipimajoto chenye waya, kipima shinikizo, vifaa vya kupimia mtiririko na akiba ya fyuzi, mipira ya silikoni na raba. Mashine ya kupima usalama wa umeme ni ghali, na mnaweza kuinunua mafundi watatu kwa pamoja. Mkataba wa matengenezo na zahanati utaje kwa maandishi vifaa kwa namba zake, mara ngapi kwa mwaka utavikagua, utafika ndani ya saa ngapi ukiitwa, na nani analipia vipuri. Mkataba usiotaja vipuri huisha kwa ugomvi kompresa ya kwanza ikifa. Bei uliyoandika ihesabu kodi ya zuio ya asilimia 5 inayokatwa kwenye malipo ya huduma, na ankara ipelekwe siku ileile ripoti inaposainiwa, ukiwa bado umesimama mbele ya aliyeona mashine ikiwaka.